Nani Anambandua Rosen?

Dolni Bryag, 10 Aprili 2017

Mdogo wangu Milka,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na yule bibi unayemtunza huko Italia siku hizi anameza uji wake bila kukutemea. Sisi tupo. Mgongo wa Naiden umemshika tena tangu alipopasua kuni, anatembea ameinama kama mtu aliyeangusha sindano. Penka wa ng'ambo ya barabara amepata mjukuu wa tatu, na kila asubuhi ananitangazia habari zake juu ya ua, amekohoa, amecheka, amefanya nini sijui. Pasaka ni Jumapili ijayo. Mayai sipaki rangi nyekundu mwaka huu, sababu unaijua.

Usinikasirikie kwamba nakuandikia kama watu wa zamani. Ile simu ya mezani niliifunga kitambaa nikaitia kabatini siku ile ile polisi walipopiga, mikono yangu ikiwa bado na masizi ya pilipili nilizokuwa nachoma. Siishiki tena, ya mezani wala ya mkononi. Naiden anayo yake, aongee nayo mwenyewe.

Sasa jambo lenyewe. Juzi mwanangu Rosen alitimiza miezi sita tangu atutoke. Nilikwenda kwa mchapaji mapema, nikatengeneza tanzia kama inavyopasa, picha yake ya suti, msalaba, shairi la mistari minane nililolichagua mwenyewe. Alhamisi nikatoka na ndoo ya gundi, nikazibandika kila mahali: kwa muuza mkate, duka la dawa, posta, kituo cha basi, geti la shule aliyosomea, ule mti mkubwa karibu na bandari ya mto. Leo Jumatatu nimepita, hakuna hata moja! Zimebanduliwa zote. Pembeni mwa mlango wa muuza mkate bado yuko mzee Asen aliyekufa miaka mitatu iliyopita, uso wake umeshapauka hata hajulikani. Huyo yupo. Mwanangu wa miaka ishirini na minne hayupo.

Nitamjua anayembandua. Nikimjua, mji mzima utasikia.

Na yale maneno yako kwamba niende kwa mshauri nasaha, yaache. Mimi si kichaa. Nimefiwa.

Nimekuwekea tanzia moja humu ndani. Ibandike mlangoni kwako.

Dada yako,
Zorka


Padova, 26 Aprili 2017

Dada Zorka,

Kristo amefufuka, ingawa nimechelewa. Mimi mzima. Bibi Ortensia hatemi tena uji, sasa anauficha chini ya mto. Alhamisi mchana ndiyo nafasi yangu ya kutoka, nakaa bustanini na wanawake wenzangu wa Romania na Moldova, kila mmoja na mkebe wake wa chakula, tunawasengenya wazee wetu mpaka saa kumi na mbili. Hapo ndipo ninapopumua.

Tanzia imefika. Mlangoni hawaruhusu, msimamizi wa jengo aliiangalia kama vile nimebandika deni lake. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu la nguo. Kila nikichukua aproni asubuhi namwona Rosen na ile tai iliyokuwa inamkaba.

Nimeisoma mara nyingi. Chini imeandikwa "Kutoka kwa mama yake". Basi? Shemeji Naiden yuko wapi? Tangu lini tanzia ya mtoto ikawa na mzazi mmoja na wazazi wote wako hai?

Nani anazibandua, sijui. Labda upepo.

Sasa nisikilize, na usiikunje barua kabla hujamaliza. Shemeji ananiambia hulali. Ananiambia unaandaa sahani tatu mezani halafu unamkaripia akikaa. Ananiambia umemtukana binti wa duka la mkate mbele ya watu kwa sababu ya gundi. Nimempoteza Rosen niliyemlea kwenye mgongo wangu, na mazishi yake sikuyaona. Sitaki nikupoteze na wewe ukiwa hai. Nimepiga simu zahanati ya hapo mjini. Kila Jumatano anakuja mshauri nasaha, Bi Kalina Ruseva, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho. Nimeshakuandikisha jina. Nenda mara tatu tu. Baada ya hapo ukisema hapana, sitakusumbua tena.

Kichaa si wewe. Kichaa ni mtu anayevunjika mguu halafu anasubiri uunge wenyewe.

Mdogo wako,
Milka


Dolni Bryag, 19 Mei 2017

Milka,

Salamu zako zimefika. Huku mvua haikatiki, mto umepanda mpaka kwenye viti vya bandarini. Nyanya nimezihamishia nje na baridi imezipiga, narudia upya. Kuku mmoja ametoweka na simtaji mtu, ila mbwa wa Penka amenenepa.

Ulisema mara tatu. Nimekwenda mara tatu. Huna la kunidai.

Lakini ulinipeleka kwenye benchi ambalo mji mzima unakaa! Nafika Jumatano ya kwanza, nauliza "nani wa mwisho?" kama mtu mwenye adabu, na nani anayegeuka? Penka. Amekuja na goti lake.

"Eh, Zorka! Na wewe unaumwa nini?"

Milka, ningesema nini? Kwamba nangoja chumba cha mwisho? Jioni ingekuwa habari ya mji, Zorka wa Naiden amepasuka kichwa. Nikasema, "Presha." Na alivyo mwema wa kunikera, akanishika mkono mpaka kwenye chumba cha nesi, akagonga mlango mwenyewe. "Mpimeni huyu, kafiwa na mtoto, maskini." Nikapimwa. Ilikuwa juu. Ingekuwaje chini, na Penka amenishika mkono?

Nesi akanipa vidonge na kuniambia nirudi Jumatano ijayo. Jumatano ijayo Penka yupo tena, goti. Nikapimwa. Jumatano ya tatu hivyo hivyo, na sasa nina kadi yangu ya presha, nesi ananiita kwa jina na amenikataza chumvi. Naiden anakula supu isiyo na chumvi, analalamika kwa macho, kwa sababu mdomo hana.

Kuhusu jina lake kwenye tanzia, karatasi ilikuwa ndogo.

Nilizibandika tena mwezi huu, gundi nzito, ya fundi. Zimekaa siku mbili. Nina hakika ni Penka, hapendi nguzo ya mbele ya nyumba yake ichafuliwe. Jumapili nitamwambia kanisani.

Zorka


Padova, 30 Mei 2017

Dada,

Presha!

Nimesoma barua yako kwenye basi, nikacheka mpaka mtu akanipisha kiti, halafu nikakasirika mpaka nikapitiliza kituo changu. Wiki tatu, Zorka. Wiki tatu umepanda ngazi zile, umekaa hatua chache kutoka kwenye mlango wenyewe, na umerudi na vidonge. Ungekuwa karibu ningekutikisa.

Bibi Ortensia hajambo. Mimi sijambo. Habari za familia ndizo hizo, sina subira ya kuandika nyingine.

Karatasi ilikuwa ndogo? Shairi la mistari minane lilienea. Msalaba ulienea, na maua pembeni. Herufi sita za jina la mume wako ndizo zilizokosa nafasi. Usinidanganye mimi, dada, danganya nesi.

Na Penka muache. Nakuambia si Penka. Usiniulize nimejuaje. Usimwambie neno kanisani, utajuta.

Jumatano ingia chumba cha mwisho. Penka akiuliza, mwambie unakwenda kwa mshauri. Kama anataka kucheka, acheke. Alicheka pia ulipovaa kofia ile ya kijani, na hukufa.

Nakuomba. Sijui niombe kwa lugha gani tena.

Milka


Dolni Bryag, 14 Juni 2017

Kwa Milka, anayejua kila kitu akiwa mbali,

Tumshukuru Mungu tunapumua. Mto umeshuka. Mwaka huu cheri zimezaa mpaka matawi yanagusa ardhi. Niliziacha bila kuonja, kama inavyotakiwa kwa aliyefiwa, mpaka Jumamosi ya kuwaombea wafu, ndipo nikazigawa makaburini, pamoja na ngano ya kuchemsha, sukari ya unga juu, biskuti zilizopondwa, na herufi ya kwanza ya jina la Rosen nimeichora kwa pipi ndogo za rangi. Kila aliyepita alipokea, akasema "Mungu amrehemu". Hata yule mlevi wa bandarini, alivua kofia akala kiganjani.

Mabaki niliyaweka kwenye bakuli. Jumatano nikajitia moyo, nikavaa vizuri, nikachukua bakuli na kijiko, nikapanda ngazi. Penka hakuwepo, goti limepona. Nikaingia chumba cha mwisho. Umefurahi?

Milka, ni mtoto! Ana umri wa Rosen au zaidi kidogo, nywele amezifunga kwa kalamu ya risasi. Ananiambia, "Karibu, Bi Zorka, keti popote." Nikakaa. Kabla sijasema lolote nikamwekea bakuli mezani, nikamwambia, "Chukua, binti. Ni ya mwanangu, Rosen."

Unajua alisema nini? "Asante sana, lakini taratibu za kazi yetu haziniruhusu kupokea zawadi kutoka kwa mteja."

Zawadi. Mteja.

Nikamwambia, "Hiyo si zawadi. Hiyo ni ngano ya maiti."

Akawa mwekundu. "Naelewa, mama, ila sheria hazitofautishi..."

"Wewe ni mtoto wa nani? Bibi yako hakukufundisha? Ngano ya maiti haikataliwi! Hata mlevi haikatai!"

Niliondoka. Bakuli nililibeba kifuani ngazi zote, na nje nililia mbele ya watu wa basi, kitu ambacho sikukifanya hata kwenye kaburi lake. Hicho ndicho ulichonitumia, mdogo wangu? Mtu wa kumkataa mwanangu mara ya pili, safari hii kwa taratibu?

Usiniandikie tena habari za mshauri. Usiniandikie tena habari za jina la Naiden, wala nani si Penka. Kama unajua ni nani, sema. Kama husemi, nyamaza.

Zorka


Padova, 27 Juni 2017

Dada yangu mpenzi,

Sikusalimii kwa mengi, najua hutaki.

Alikosea. Nakubali waziwazi. Nilipofika pale kwenye neno "zawadi" nilisimama jikoni nikamtukana kwa Kibulgaria mpaka Bibi Ortensia akauliza nani amekufa. Taratibu au si taratibu, angekula kijiko kimoja akasema Mungu amrehemu, jengo lisingeanguka.

Lakini Zorka, mara ngapi padri alikosea jina la Rosen kwenye misa ya arobaini? Mara mbili. Alimwita Rumen. Hukuacha kanisa. Yule fundi aliyechimba kaburi alivuta sigara mpaka mwisho wa sala, ukamlipa na kumpa pombe ya rakia. Wote uliwasamehe. Binti mmoja tu ndiye usiyeweza kumsamehe, na ndiye peke yake ambaye kazi yake ni kukusikiliza.

Rudi umgombeze. Sisemi ukamsamehe. Rudi umwambie usoni yale uliyoniandikia mimi. Hasira hiyo ipeleke kwake, isiishie kwa Naiden kwenye supu.

Kuhusu nani anambandua Rosen, sisemi. Si langu kulisema.

Milka


Padova, 30 Julai 2017

Dada,

Mwezi umepita bila barua. Shemeji naye hapokei simu yangu. Posta nimeuliza, wanasema hakuna kilichopotea. Huku joto ni kali, Bibi Ortensia hali, mimi siondoki hata Alhamisi.

Nijibu. Hata kama ni kunitukana, nijibu.

M.


Dolni Bryag, 24 Agosti 2017

Milka,

Tupo wazima. Nyanya safari hii zimekubali, nimeshafunga mitungi mingi kuliko tunavyoweza kula watu wawili. Mgongo wa Naiden umepona. Sasa soma polepole, maana na mimi nimechukua muda kuandika.

Tarehe kumi na tano, sikukuu ya Mama wa Mungu, nilitoka mapema kanisani kwa sababu ya joto. Nikakatisha njia ya muuza mkate. Mchana kweupe, jua la utosi, watu wanapita. Na pale kwenye nguzo kuna mwanamume amesimama na ndoo ya maji na kile kikwangulio changu cha dirisha. Analowesha, anangoja, anabandua kutoka kwenye kona, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto shati amelala.

Nilimjua kwa mgongo.

Sikumwita. Kwanza nilidhani nitamrukia pale pale, mkoba wangu mzito na mishumaa imo ndani. Nikangoja amalize. Nikamfuata mpaka nyumbani, naye hakugeuka hata mara moja. Akaingia kibandani, kule anakoweka nyavu na mapipa. Nikasukuma mlango.

Milka, ametundika kamba toka ukuta hadi ukuta. Tanzia zote ziko juu yake, zinakauka, zimebanwa na vibanio vyangu vya nguo ambavyo nimevitafuta tangu masika. Za miezi sita, za Mei, za Julai. Rosen safu nzima, na suti yake.

Nikapiga kelele. Sikumbuki zote. Nilimwita mwizi, nilimwita Yuda. Yeye akakaa juu ya pipa tupu, akaweka ndoo chini.

"Naenda kununua mkate," akasema, "ananitazama kutoka kwenye nguzo. Naenda kununua dawa, ananitazama. Nikishuka mtoni yuko kwenye mti. Siwezi kupita, Zorka. Nimejaribu kuzunguka kwa nyuma ya shule, umemweka hata getini."

"Kwa hiyo unamtupa!"

"Nimetupa ngapi? Hesabu. Kutupa ndiyo siwezi kabisa."

Ndipo likanitoka lile ambalo hata wewe sikukuandikia. Nilimwambia, "Ni wewe uliyempa funguo! Ukamwagiza pipa la mvinyo, siku ya mvua, kwa gari lile lililomuua! Ungekwenda mwenyewe!"

Akakifuta kikwangulio gotini. Halafu akasema, "Ningekwenda mwenyewe. Hilo najiambia kila siku, wala hukuhitaji kunisaidia. Lakini kwenye karatasi ungeniandika, Zorka. Hata kwa herufi ndogo. Watu wa mji wanasoma, wanaona mtoto hana baba."

Ulikuwa unajua. Hilo nalo limeniuma. Alikupigia akakwambia wewe, na mimi niko naye meza moja. Sitakusamehe wiki hii, labda wiki ijayo.

Kwa siku kadhaa hatukuongea. Jana ilikuwa Jumatano. Nikavaa, nikapanda ngazi, nikagonga chumba cha mwisho. Yule binti aliinuka.

"Nimekuja kukugombeza," nikamwambia.

"Gombeza, mama."

Akavuta droo, akatoa kijiko. Kijiko cha chai, cha kawaida, kimefungwa kwenye leso ya karatasi. "Nimekiweka hapa tangu Juni," akasema. "Nilimpigia bibi yangu siku ile ile nikamweleza. Alinikatia simu. Umeleta ngano?"

Milka, sikuleta! Nimekwenda kugombana, ni nani anayebeba ngano akienda kugombana? Tukabaki tunatazamana na kile kijiko. Nikacheka, ndiyo, nilicheka, mara ya kwanza tangu pilipili zile, na kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine, akanisogezea leso. Hakuniambia muda utaponya, hakuniambia Mungu anawachukua walio wema. Wote wameniambia hayo, na kila mara nilitaka kuwarushia kitu.

Nikamweleza yote. Kamba, vibanio, funguo. Maswali yake yananikera, anauliza kitu halafu anangoja kama hana kazi nyingine. Aliniuliza, "Ulipokuwa unaandika tanzia, jina la Naiden uliliacha au ulilifuta?" Nikamwambia nitafikiri. Sijafikiri. Najua jibu, mchapaji ndiye aliyeliandika kwanza, kwa desturi, nami nikamwambia atoe.

Nimeahidi kurudi Jumatano na ngano. Narudi kwa ajili ya ngano tu.

Zorka


Padova, 6 Septemba 2017

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama mbele ya kabati, mlango wazi, nikimwangalia yeye na wewe kwa pamoja.

Ndiyo, nilijua. Tangu Aprili. Alinipigia analia, mwanamume ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akaniomba nisikwambie. Nikasema nitanyamaza mpaka mtakapoongea. Sikujua mtachukua miezi minne, vichwa vya mawe nyinyi. Nimekasirika naye, na wewe, na mimi mwenyewe, kila siku kwa zamu.

Nisamehe wiki yoyote unayotaka.

Oktoba tarehe nane inaangukia Jumapili. Mwaka mzima. Nimeomba ruhusa, binti wa Bibi Ortensia ameniambia hakuna mtu wa kukaa naye. Hata safari hii nitakosa. Mazishi nilikosa, arobaini nilikosa, sasa mwaka. Nimevunja kikombe kwa hasira, chake cha maua, nimemwambia kimeteleza.

Tanzia ya mwaka mtaifanyaje? Niambie. Na nitumie yangu.

Milka


Dolni Bryag, 28 Septemba 2017

Mdogo wangu Milka,

Natumai u mzima, na kikombe hakikukatwa kwenye mshahara. Huku zabibu zimeiva. Naiden alikuwa ameapa hatatengeneza mvinyo tena maishani. Juzi nilimkuta amesimama chini ya mzabibu na kisu mkononi, hakati wala haondoki. Nikachukua ndoo, nikaanza kukata upande wangu. Baadaye akaanza upande wake. Tumekamua kidogo, kwenye beseni, pipa hatukuligusa.

Jumatano naendelea kwenda. Ngano aliila, vijiko viwili, akasema Mungu amrehemu bila kukosea. Siku nyingine narudi nimechoka kama nimefua mazulia, siku nyingine narudi nimemkasirikia na sijui kwa nini. Usingizi umeanza kuja, vipande vipande. Sahani ya tatu bado inanitoka kabatini, lakini siku hizi Naiden anairudisha mwenyewe na simkaripii.

Yeye haingii. Anasema hayo mambo ya kuongea ni yangu, yeye ataongea na kamba za nyavu. Ila ananisindikiza, anakaa kwenye benchi na kofia magotini. Wiki iliyopita Penka alikuja, goti limerudi. Nilimsikia kupitia mlango.

"Eh, Naiden! Unaumwa nini?"

Na yule mtu wangu asiyekuwa na mdomo, Milka, akajibu kwa sauti iliyofika mpaka ghorofa ya chini: "Siumwi. Namngoja mke wangu, yuko kwa mshauri nasaha."

Nikasikia benchi zima linageuka. Halafu nikamsikia Penka anauliza polepole, huyo mshauri anachukua watu wangapi kwa siku.

Tanzia tumegombana nayo wiki nzima. Mimi nataka picha ya suti. Naiden anataka ile ya mavuno ya zabibu, mashavu yamejaa, mtoto hana adabu kabisa. Nikasema huwezi kumweka maiti anatafuna. Akasema suti ile aliichukia, na ni kweli aliichukia. Basi anatafuna. Mchapaji alitukodolea macho.

Hatuibandiki mji mzima. Moja mlangoni kwetu, moja kanisani, moja geti la shule. Njia ya kwenda kununua mkate tumemwachia baba yake apite. Zile za kwenye kamba hajaziteremsha, na mimi sijamwambia.

Yako imo humu ndani. Isome chini kabla ya kubandika:

"Mwaka mmoja bila Rosen wetu. Baba yake Naiden, mama yake Zorka, mama yake mdogo Milka."

Karatasi ilitosha.

Mkono umechoka kuandika, na posta yenu ni ya konokono. Simu nimeitoa kabatini. Nimeipangusa, Naiden ameichomeka, ametega sikio na kusema inafanya kazi. Mimi bado nasikia harufu ya pilipili, yeye anasema hainuki kitu.

Jumapili tarehe nane, tukitoka makaburini, kama saa sita mchana huko kwenu, simu yako italia. Nitakuwa mimi. Nimeshamwambia Naiden asinishikie. Usianze na pole, Milka, wala usinishauri kitu. Sema "dada", kama zamani, halafu uningoje. Nikichelewa kujibu, usikate.

Zorka